Mkwe Aliyenifundisha Kompyuta Bila Kunitazama

Ninyi mnaoanza kazi ya maktaba leo mnanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mnanifurahisha kwa sababu msomaji akiuliza kitu, kabla hajafunga mdomo vidole vyenu vimeshafika. Mnaniudhi kwa sababu mnadhani vidole ndiyo kazi yenyewe. Mimi nimekaa nyuma ya ile meza ya mbao pale Tarime mjini mpaka viwiko vikaota sugu, na nawaambia kwamba msomaji mara nyingi hajui anachokitafuta mpaka umuulize tena, halafu umuulize tena.

Hilo nilifundishwa na Mzee Okech, mkutubi aliyenipokea kazini nikiwa msichana wa kupanga magazeti. Siku moja aliingia mtu wa makamo, kofia mkononi, akasema anataka kitabu cha ng'ombe. Nikakimbilia rafu ya mifugo nikamletea kitabu cha magonjwa ya ng'ombe wa maziwa. Akakifungua, akakifunga. Mzee Okech akamuuliza, "Ng'ombe wako ana shida gani?" Akasema ng'ombe hana shida. "Sasa shida iko wapi?" Akasema shida ni kwamba ng'ombe hao yuko nao baba mkwe wake, na mke amerudi kwao. Kumbe mtu anatafuta sheria ya ndoa na mahari! Mimi nilikuwa nimempa dawa ya kupe. Mzee Okech hakunicheka mbele ya yule mgeni, alingoja aondoke ndipo akacheka mpaka akakohoa.

Basi hiyo ndiyo kazi niliyoijua: kadi kwenye saraka, mhuri wa tarehe, gundi ya kubandika migongo ya vitabu, na maswali. Nilikuwa mzuri na nilijijua kwamba ni mzuri. Halafu zikaja kompyuta.

Zilikuja wakati Nyangoto, kule machimboni, imechemka. Ninyi mliozaliwa juzi hamuwezi kuelewa jinsi dhahabu ilivyowatoa watu akili. Wageni walimiminika kutoka Singida, Geita, Shinyanga, wengine hata hawajui kusema "habari" kwa Kikurya, na vijana wetu wenyewe waliacha shule, waliacha bodaboda, waliacha wake. Mlinzi wetu wa maktaba aliaga kwamba anakwenda kuzika kijijini Genkuru. Hatukumwona tena, tukasikia amepata nafasi kwenye duara, maana ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Bwana Kessy, mkuu wetu wa maktaba, mtu wa Moshi asiyependa mambo yasiyo na utaratibu, akalazimika kufunga mageti mwenyewe jioni huku akinung'unika.

Ni Bwana Kessy huyo aliyetuambia kwamba ofisi imetuletea mwalimu wa kutufundisha mtandao. "Ni kijana wa hapa hapa," akasema, "kwa hiyo hamtakuwa na kisingizio cha lugha."

Asubuhi yake mlango ukafunguliwa, na nani anaingia na begi la kompyuta begani? Marwa. Mume wa binti yangu Robi.

Sasa wengine wenu mmekulia mjini, niwaeleze taratibu. Kwetu Wakurya mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka inauma. Hawagusani mkono. Hawakai kiti kimoja wala hawali sahani moja. Wakikutana njiani, kijana anapisha anakwenda kusimama pembeni mpaka mama apite. Hata macho hayakutani. Na mambo mazito hawaambiani wenyewe, yanapitia kwa mtu mzima wa upande wa pili. Si chuki, msije mkasema tulikuwa hatupendani. Ni heshima, na mimi niliolewa katika hiyo heshima na nikaozesha katika hiyo.

"Shikamoo mama," Marwa akasema akiiangalia rafu ya sayansi.

"Marahaba," nikajibu nikiliangalia dirisha.

Bwana Kessy akatutazama wote wawili, akadhani tumegombana. Akavuta viti viwili mbele ya kompyuta moja, akavisogeza karibu karibu, akasema, "Haya, Mama Robi, kaa hapa, mwalimu akae hapa, akushike mkono akuonyeshe kipanya." Nilitoka nje. Kweli nawaambia, nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye jua kama mtu aliyeona nyoka. Nilipotazama nyuma nikaona Marwa naye ametokea mlango wa uani.

Tulipoeleweshana, Bwana Kessy alishika kichwa. Lakini alikuwa muungwana, akakubali kukaa katikati. Siku za kwanza ndivyo tulivyosoma. Marwa upande ule, mimi upande huu, Kessy kati.

"Mwambie mama abofye kulia."

"Mama Robi, bofya kulia."

"Mwambie nimebofya, pametokea orodha ndefu."

"Anasema pametokea orodha."

"Mwambie achague ya tatu kutoka juu."

Na mimi nayasikia yote, masikio yangu hayana tatizo! Lakini nangoja Kessy ayarudie. Jioni moja alivua miwani akasema, "Jamani, mimi ni mkuu wa maktaba au ni waya wa simu?" Wasomaji wakacheka mpaka tukashindwa kuwanyamazisha.

Marwa ndiye aliyepata dawa. Alihamia stoo, kule tulikokuwa tunaweka magazeti ya zamani, akafunga kompyuta moja huko, akaturudishia mlango. Halafu akatutengenezea ukumbi wa mtandaoni, sisi wa Tarime na wenzetu wa maktaba ya Mugumu kule Serengeti. Upande wa kushoto wa kioo palikuwa na ukumbi wa wote, ukiandika pale kila mtu anasoma. Upande wa kulia kisanduku kidogo cha kuandikiana na mtu mmoja tu. Basi yeye akiwa stoo na mimi mezani, ukuta wa matofali kati yetu, mkwe wangu akaanza kunifundisha kwa maandishi.

Mwanzoni nilimwandikia kama ninavyoiandikia ofisi. Nilianza na salamu, nikashuka mstari, nikaandika YAH: KIPANYA KUGOMA, halafu maelezo, halafu nikamaliza na wako katika ujenzi wa taifa. Kwa kidole kimoja, nusu ya asubuhi ilikwisha. Jibu likaja: "Mama, umekishika nyuma mbele. Kigeuze, mkia uelekee kwenye kioo." Nikakigeuza. Kikaenda. Nikasikia kule stoo mtu anajizuia kucheka, na mimi nikacheka kwa sauti.

Niseme ukweli wa moyo. Alikuwa amemwoa Robi kwa miaka kadhaa, na sikuwa najua kama kijana yule ana utani. Nilijua mgongo wake, nilijua viatu vyake, nilijua anavyokohoa akifika uani kwangu ili nipate kuingia ndani. Pale mezani ndipo nilipoanza kumjua mtu mwenyewe. Ana subira. Nikikosea mara ya nne ananieleza kama ni mara ya kwanza. Nilimpenda, na nilishukuru kwamba kuna ukuta, maana bila ule ukuta tusingezungumza kabisa.

Mugumu kulikuwa na Bi Zuhura, mkutubi mwenzangu, watu wake ni wafanyabiashara wa vitambaa pale sokoni waliotokea pwani zamani. Yeye hakuwa na mkwe wa kumwogopa, kwa hiyo aliruka mbele. Kila asubuhi ukifungua ukumbi unakuta Bi Zuhura ameshaandika, amepata hiki, amegundua kile, na mwisho ananichokoza: "Wakurya mmeamka?" Nami namjibu kwamba tumeamka ila tunatafuta herufi ya A iko wapi.

Kutafuta ndiko kulikonipa taabu kuliko yote. Wachimbaji walipojua tuna mtandao walijaa mlangoni na buti za matope, na wote swali moja, bei ya dhahabu. Nikaandika "dhahabu". Ikaja pete, ikaja meno ya watu, ikaja harusi ya tajiri sijui wa wapi. Nikafurahi kwamba mashine nayo inatoa dawa ya kupe. Hapo nikamkumbuka Mzee Okech, nikaacha kioo nikamgeukia mtu. Ya leo au ya juzi? Kwa gramu au kwa ile aunsi ya wazungu? Unataka kuuza au unataka kujua kama umeibiwa? Akishajibu, unaandika maneno matatu manne, na kitu kinakuja. Mtandao hauulizi. Kuuliza bado ni kazi yenu.

Mtu wa kwanza niliyemtafutia peke yangu bila kumwita Marwa alikuwa kijana mmoja Mnyaturu wa Singida, Samweli. Alikuwa akichimba Nyangoto na kila Jumatatu anakuja kuazima kitabu, hadithi hasa, na alikuwa ananawa mikono bombani kabla ya kukigusa. Alikuja anataka habari za zebaki, ile dawa wanayokamatishia dhahabu. Nikamuuliza, nikamuuliza tena. Mwisho akasema anaichoma nyumbani, kwenye jiko lile lile, na mke wake ananyonyesha. Tukatafuta wawili, nikamsomea: moshi ule ni sumu, na mtoto haumudu kabisa. Akakunja kofia yake. Akasema, "Asante mama, nitakuwa nachomea mbali." Nilitembea jioni ile kurudi nyumbani Turwa nikijiona na mimi ni mtu wa mtandao.

Halafu Jumatatu moja hakuja. Wakaja wenzake wawili na kitabu chetu ndani ya mfuko wa rambo, kimefungwa vizuri. Yule mkubwa akakiweka mezani. "Mama, tumeona mhuri wa maktaba. Duara lilimfunika." Nikakipokea, nikagonga mhuri wa kurudishwa kwa sababu mikono ilikuwa inataka kitu cha kufanya. Mpaka leo sipendi sauti ya mhuri ule.

Haikupita muda, Robi akaja nyumbani Turwa Jumapili mchana, tumbo lake la kwanza limeshaonekana. Akakaa jikoni akimenya viazi ambavyo sikumwomba avimenye. Nikangoja.

"Mama, Marwa anaacha kufundisha."

"Anakwenda wapi?"

"Nyangoto. Duarani. Ofisi inamcheleweshea mshahara, na wenzake aliosoma nao wana pikipiki, wana nyumba za bati. Anasema mtoto akizaliwa hatakula kompyuta. Wamempa nafasi, anashuka mwisho wa juma hili."

"Umemwambia nini?"

"Nimelia. Sasa kulia kunasaidia nini? Ananiambia wanaume wote wanashuka."

Nilijua njia iliyokuwepo ni moja. Baba yake Marwa alikuwa amekufa zamani, aliyemlea ni baba yake mdogo, Mzee Nyamhanga, wa huko huko Nyangoto. Neno la mama mkwe lipitie kwake. Nikapanda bodaboda jioni ile ile nikaenda. Nilimkuta, nikamsalimu, nikaleta neno langu kwa adabu zote. Mzee akanisikiliza huku anavuta ugoro. Akasema, "Mama, mura ni mwanamume. Mwanamume hafungwi kamba na wakweze." Mura ndivyo tunavyomwita kijana. Niliporudi ndipo jirani akaniambia kwamba Mzee Nyamhanga mwenyewe ana fungu katika duara lile. Sasa neno langu litafika vipi, na yeye ndiye daraja? Nilikasirika, jamani. Nilikasirika mpaka nikaunguza ugali.

Jumatatu Marwa alikuja kazini kama kawaida, akaingia stoo, akafundisha namna ya kutunza anwani za tovuti. Sikusikia somo. Mtu anayekwenda kufukiwa yuko nyuma ya ukuta, nasikia vidole vyake vinagonga, na sina ruhusa ya kumwambia neno. Bwana Kessy alipokwenda kula, na maktaba ina wasomaji wachache tu, nikawaza: uso hataniona, mkono hatanigusa, maandishi si uso. Nikajua pia kwamba najidanganya. Mama mkwe kumnong'oneza mkwewe kando, hata kwa maandishi, kwetu ni aibu ya kutozwa faini. Lakini nilikuwa namwona Robi na lile tumbo. Nikaweka kidole.

Niliandika muda wote wa mlo wa mchana. Niliandika hivi:

"Marwa, ni mimi mama yake Robi. Robi hajanituma. Nasikia unakwenda duarani. Umaskini mimi siuogopi, nimeishi nao na nimelea wanangu nao. Naogopa shimo. Kijana Samweli aliyekuwa anaazima vitabu hapa alikuwa na nguvu kuliko wewe na alikuwa anajua kuchimba, wewe hujui. Kitabu chake kilirudi, yeye hakurudi. Mtoto wako akizaliwa nataka awe na baba wa kumkemea. Sikukukataa ulipokuja kuoa huna kitu. Usishuke."

Nikagonga enta. Nikaegemea kiti, jasho linanitoka kama nimelima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mtaanguka. Kabla ya kuandika chochote, tazama uko chumba gani. Mimi nilitazama herufi, sikutazama mahali. Wakati nafungua kisanduku cha Marwa, Bi Zuhura alikuwa ameandika jambo lake, nikabofya nimsome, halafu nikaendelea kuandika nikidhani nimerudi kulia. Nilikuwa kushoto. Ujumbe wangu ulikwenda kwenye ukumbi wa wote, Tarime na Mugumu.

Nilijua pale Bi Zuhura alipojibu: "Dada yangu, umekosea mlango. Lakini ulichosema ni kweli tupu."

Stoo vidole vilikuwa vimenyamaza. Kikasikika kiti kinasukumwa, halafu mlango wa uani ukafunguka, ukafungwa. Bwana Kessy akaingia kutoka kula na simu mkononi, ameshasoma. Akasema, "Nikuletee chai?" Nikamwambia alete.

Jumanne Marwa hakuja. Jumatano hakuja. Robi alinitumia neno kwamba mumewe amelala Nyangoto. Niliona nimemsukuma mwenyewe. Kijana ameumbuliwa mbele ya wenzake na mama mkwe, atafanya nini zaidi ya kwenda kule kunakoitwa kwa wanaume? Nilipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Msomaji mmoja alitokea Sirari mpakani na Kiswahili chake cha ng'ambo ya pili, akaniuliza, "Mathee, uko sawa?" nikamfukuza bure. Kama haya yatamfikia, anisamehe.

Jumatano hiyo mchana, kwenye mlango wa mbele, akasimama Mzee Nyamhanga. Fimbo, koti zito, joto lote lile. Wasomaji wakanyamaza wenyewe, jambo ambalo mabango yetu ya UKIMYA hayakuwahi kulifanya.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nimesikia unamwandikia mkweo kwa siri. Kwa mashine."

Bwana Kessy ndiye aliyesimama. Yule mtu wa Moshi aliyechoka kuwa waya wa simu akajifanya waya tena kwa hiari yake. "Mzee, karibu kiti. Maneno yenyewe haya hapa, nikusomee." Akayasoma kwenye kioo kwa sauti ya kusomea watoto hadithi, pole pole, mpaka mwisho. Walikuwepo wachimbaji wawili waliokuja kuuliza bei. Wakavua kofia.

Mzee Nyamhanga akauliza, "Haya ameyaona nani mwingine?"

"Wote," akasema Kessy. "Sisi hapa na wale wa Mugumu. Hii siyo barua ya siri, mzee. Hii ni sawa na kusimama uwanjani."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Mzee akaweka fimbo magotini. "Angemwandikia kando ningemtoza mbuzi, na mimi ndiye ningemchagua mbuzi mwenyewe," akasema. "Mbele ya watu, mama wa mke ana ruhusa ya kusema. Kwanza ndivyo ilivyokuwa inatakiwa." Watu wakapumua. Mimi sikupumua bado, kwa sababu mzee hakuinuka. Alikuwa anaiangalia kompyuta, si mimi.

"Huyo wa vitabu," akasema, "ndiye yule Mnyaturu?"

Nikasema, "Ndiye, mzee."

"Nilikuwepo tulipomtoa."

Halafu akainuka, akasema anaomba maji, tukampa, akanywa, akaenda zake. Hakuahidi kitu, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Usiku ule nililala kwa shida kama watu wote wenye binti.

Alhamisi tulifungua kama kawaida. Kessy akawasha kompyuta zake, mimi yangu. Bi Zuhura hakuandika utani wake, aliandika tu "Nipo." Tukakaa. Mtu akaja kurudisha kitabu, nikampokea. Halafu nikasikia mlango wa uani. Nikasikia kikohozi ninachokijua, kile cha kunipisha. Kiti cha stoo kikavutwa.

Kwenye ukumbi wa wote yakatokea maandishi: "Habari za asubuhi. Samahani kwa siku mbili. Somo la leo ni namna ya kufuta ujumbe uliotumwa mahali pasipo pake."

Bwana Kessy aliangua kicheko akakigeuza kikohozi. Mimi uso ulinichoma. Lakini somo ni somo, na mwanafunzi hachagui. Marwa akaeleza hatua kwa hatua: tafuta ujumbe wako, weka kipanya juu yake, zitatokea nukta pembeni, bofya, chagua Futa. Kila mtu ajaribu na ujumbe wake mmoja. Kessy akafuta tangazo lake la zamani la funguo zilizopotea. Bi Zuhura akafuta mbili tatu, mtu wa kuruka mbele siku zote. Na mimi nikashuka polepole mpaka nikaukuta ule wangu, mrefu, wa kidole kimoja, na watu wote wanajua ndio ninaoutafuta. Nukta zikatokea. Nikabofya. Nikachagua Futa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, Ndiyo au Hapana.

Kabla sijagusa, yakaingia maandishi mapya, hapo hapo kwenye ukumbi, mbele ya Tarime na Mugumu:

"Mama, wewe huo usiufute. Juzi niliwasomea wenzangu wa duara maneno yako, na jana jioni baba mdogo akaja akayaunga mkono. Nimewaambia watafute mtu mwingine."

Nikabofya Hapana.